Mkono wa Kushoto Ulitangulia

Mzee aliitandaza karatasi ya matundu, rola ya piano inayojipiga yenyewe, juu ya meza ya jikoni, akaikandamiza kwa vikombe viwili vya kahawa ili isijikunje. Kisha akachukua rula ya pembetatu, ile ya plastiki ambayo kila mtoto wa shule Ujerumani anayo mkobani, akauegemeza ubavu mmoja kwenye ukingo wa karatasi. Ubavu wa pili ukaikata karatasi kwa upana, sawasawa.

"Haya, pima."

Nikainama. Kushoto, kwenye sauti nzito, tundu lilianza milimita 4 kabla ya rula. Kulia, tundu la sauti ya juu lilianza palepale kwenye rula.

"Nimeona," nikasema. "Ndiyo maana nilirekebisha."

Hakunijibu. Aliivuta karatasi kwake, kama kiganja kimoja hivi, akaiweka rula tena. Hapo palikuwa na sauti sita zinazopigwa pamoja, tatu mkono huu, tatu mkono ule. Matundu yote sita yalianzia kwenye mstari mmoja, kama meno ya kitana.

"Karatasi ikikaa upande," alisema, "hukaa upande kwa wote. Haichagui."

Akachukua vikombe akaenda kuviosha. Karatasi, ilipokosa mzigo, ikajikunja taratibu kurudi kwenye umbo lake la rola. Mimi nimesimama palepale.

Faili nililolitoa kwenye karatasi hiyo, pamoja na marekebisho yangu, lilikuwa limeshatembea kwa watu miezi mitatu.

Rola yenyewe

Wanaonisoma siku nyingi wanajua maisha yangu yalivyo: mchana ni fundi wa piano kusini-magharibi mwa Ujerumani, nazunguka nyumba za watu kukaza nyuzi na kuchonga nyundo zilizochoka. Usiku nashughulika na piano zinazojipiga zenyewe. Zile mpya, zenye koili za umeme chini ya vibonye, wanazo vyuo na wenye pesa. Za zamani, zinazoendeshwa kwa hewa na karatasi ya matundu, wanazo wazee kama huyu wangu, ambaye tunaitana "Sie", ile "wewe" ya heshima ya Kijerumani, mpaka leo ingawa nimekula kwake mara zisizo na hesabu.

Karatasi aliyonitandazia ni rola nyekundu ya Welte-Mignon, mtambo ambao Edwin Welte na Karl Bockisch waliutoa mwaka 1904 kutoka Freiburg. Freiburg si mbali na ninapoishi. Kiwanda chenyewe usikitafute, kilipigwa mabomu Novemba 1944. Zilizobaki ni hizi rola, makabatini mwa watu, na baadhi zimekauka kiasi kwamba ukizifungua zinalia kama majani makavu.

Mpigaji ni Carl Reinecke. Aliingia mbele ya mtambo wa Welte mwaka 1905, akiwa na miaka 80 hivi, baada ya kuiongoza okestra ya Gewandhaus ya Leipzig kuanzia 1860 hadi 1895. Alizaliwa mwaka 1824. Hakuna mpiga piano mwingine aliyezaliwa kabla yake ambaye upigaji wake tunao leo kwa njia yoyote ile, iwe rola, iwe sahani ya santuri. Kipande ni kile cha mwendo wa pole kutoka utungo wa Mozart wa piano na okestra unaoitwa wa "Kutawazwa", alichokipanga mwenyewe kwa piano peke yake. Mozart alikuwa amefariki miaka 33 tu kabla ya Reinecke kuzaliwa. Mwalimu wa Reinecke, baba yake mwenyewe, alikuwa mtu wa zama ambazo Mozart bado alikuwa habari, hajawa sanamu.

Sasa mtu wa namna hiyo mimi nilimsahihisha.

Kwa nini nilisogeza

Nisijionee huruma sana, lakini nieleze.

Mzee wangu ana mashine yake ya kuskani rola, aliyoiunda mwenyewe kwa mota ya cherehani na kamera. Inatoa picha ndefu ya karatasi nzima. Mimi nina programu niliyoiandika kwa miaka mitatu, inayosoma ile picha na kugeuza matundu kuwa faili ambalo piano ya kisasa inaweza kulipiga. Inasikika kazi rahisi, na si rahisi. Sauti ndefu kwenye rola haiko kama tundu refu moja. Mara nyingi ni safu ya matundu madogo yaliyoachiana vijidaraja vya karatasi ili isichanike, na programu lazima ijue kwamba yale yote ni sauti moja. Halafu karatasi inavyojizungushia kwenye kigurudumu cha kupokelea, kigurudumu kinanenepa, kwa hiyo karatasi inavutwa kwa kasi zaidi kadiri wimbo unavyoendelea. Usipolihesabu hilo, mpigaji wako anaanza kama mtu mzima na kumaliza kama mtu anayekimbilia basi.

Na kuna kukaa upande. Karatasi ina upana wa kama sentimita 33. Ikipita kwenye mashine ikiwa imeinama kidogo tu, matundu ya kushoto husomwa kabla ya yale ya kulia. Mkono wa kushoto unatangulia.

Mwaka juzi nililigundua kosa hilo kwenye rola nyingine ya mzee huyuhuyu. Besi zote zilikuwa zinawahi. Nikainyoosha picha, mambo yakakaa, naye akanisifu mbele ya wageni wake, sifa ya Kijerumani, maana yake alisema "si vibaya". Nilitembea na hiyo "si vibaya" mwezi mzima.

Kwa hiyo nilipofungua picha ya Reinecke na kuona besi zinatangulia melodia, karibu kila mahali, sikuwa na swali. Nilikuwa na jibu tayari, linasubiri swali lake. Mwanzoni mwa rola nyekundu karatasi inakwenda karibu mita 3 kwa dakika, kwa hiyo milimita 1 ni kama milisekunde 20. Milimita 4 ni milisekunde 80. Nikazikamata sauti za mkono wa kushoto, nikazichelewesha, moja moja pale programu iliposhindwa. Usiku nne.

Sikutazama ukingo wa karatasi kwenye picha, kama umenyooka au umeinama.

Ulikuwa umenyooka.

Alivyokuwa akipiga

Ukweli, ambao kila mwanafunzi wa historia ya piano angeniambia bure, ni kwamba wapiga piano wa karne ya 19 mara nyingi hawakuishusha mikono yao pamoja. Besi ilitangulia, melodia ikafuata. Sauti za pamoja zilimwagwa moja baada ya nyingine kama shanga zinazoteleza kwenye uzi. Hayakuwa makosa ya uzee. Reinecke anafanya hivyo pale wimbo unapoimba, na anaacha kufanya hivyo pale anapotaka kitu kisimame kwa miguu miwili. Ile sehemu ya sauti sita ambayo mzee aliniwekea rula ni mwisho wa sentensi. Hapo alitaka nukta, akaiweka nukta.

Mimi niliweka nukta kila mahali.

Na kulikuwa na ushahidi mwingine ambao ulikuwa machoni pangu siku zote. Karatasi ikiinama, tofauti huwa kubwa kwa sauti zilizoko mbali na ndogo kwa sauti zilizokaribiana katikati ya piano. Kwa Reinecke haikuwa hivyo. Vidole vyake viwili vilivyokuwa karibu kabisa, katikati ya piano, vilipishana vilevile. Hesabu ya mtoto wa darasa la saba. Nilikuwa na grafu hiyo kwenye skrini, nilishaitengeneza, ina rangi nzuri, na sikuisoma.

Tarakimu tatu baada ya nukta

Hapa ndipo palipokuwa pananikera wiki zote hizi, zaidi ya kosa lenyewe.

Mafaili ya kawaida ya MIDI, lugha ya ala za umeme iliyoanza mwaka 1983, yanaandika nguvu ya kila mguso kwa ngazi 127. Inatosha kwa kinanda cha kanisani. Piano kubwa zinazojipiga za siku hizi zinataka zaidi: kuna zinazopima mguso kwa ngazi 1,024 na pedali kwa nafasi 256, kwa hiyo mguu haupo "juu" au "chini" tu bali upo popote katikati. Ukilisikiliza faili la namna hiyo kwenye piano nzuri, chumba kinakuwa na mtu. Nimeona watu wazima wakitazama kiti kitupu.

Basi programu yangu inaandika mafaili ya namna hiyo. Ngazi 1,024. Muda kwa elfu ya sekunde.

Lakini karatasi ya Welte haina ngazi 1,024! Mtambo wake una matundu 100 ya kusomea. 80 ni ya sauti, na 20 ya pembeni ndiyo yanayoshughulika na pedali, nguvu na kuirudisha rola mwanzo. Nguvu yenyewe haiko kwa kila kidole. Piano imegawanywa nusu mbili, nzito na nyembamba, na kila nusu inapandishwa na kushushwa kwa hewa kama taa ya chemli unayozungusha utambi wake. Vidole vyote vya nusu moja vinakula chungu kimoja. Nguvu za kidole kimoja kimoja ninazoziandika kwenye faili ni hesabu ya programu yangu inayojaribu kuigiza mabomba, ngozi na hewa. Ni makisio yenye heshima, lakini makisio.

Faili halisemi hivyo. Faili linasema: sauti hii, sekunde 41.386, nguvu 517. Nani atakuuliza hiyo 6 ya mwisho umeitoa wapi?

Ningeliandika kwa ngazi 20 na muda wa kukadiria, mtu angenishuku. Nilipolivalisha tarakimu nyingi, kila mtu aliliamkia. Bwana mmoja aliyelipakua aliniandikia kwa furaha: hatimaye amempata Reinecke asiyegugumiza. Nilimshukuru. Niliihifadhi barua yake.

Kilichobaki nyuma

Wacha niingie jikoni kidogo, wasiopenda waruke.

Ile nguvu ya ziada, inayopita ngazi 127, haikai ndani ya sauti yenyewe kwenye faili. Inakuja kama ujumbe mdogo unaotangulia sauti, kidhibiti namba 88, unaosema: sauti inayofuata, iongezee kiasi hiki. "Inayofuata", basi. Haitaji jina. Ni kama mtu anayekuachia mzigo stendi na kusema mpe atakayeshuka kwanza.

Sasa mimi nilizichelewesha sauti za besi kwa milisekunde 80. Vijumbe vyake vikabaki palepale. Aliyeshuka kwanza akawa mwingine, akabeba mzigo usio wake, na besi ilipofika ikakuta mikono mitupu. Kwenye kurasa nzima za Reinecke nilikuwa nimezibadilishia sauti vipande vya nguvu zao bila kujua.

Tofauti hiyo haisikiki. Nakiri. Ni chini ya ngazi moja kati ya zile 127, hata mzee na masikio yake hakuiona; niliiona mimi, usiku wa tatu baada ya siku ya rula, nilipokuwa najaribu kurudisha kila kitu mahali pake. Niliketi nikacheka peke yangu. Mtu anayejigamba kwa ngazi 1,024 kazichanganya zote na hakuna aliyesikia, yeye mwenyewe akiwemo.

Na programu nyingi za kawaida za muziki, ukifungua faili la namna hii na kulihifadhi tena, zinavitupa vijumbe hivyo bila kukuuliza. Mtu analipokea, analikata mwanzo ule ukimya, analihifadhi, anampa mwenzake. Jina la faili bado linajivuna kwamba ni la ubora wa juu. Ndani limeshakuwa la kinanda cha kanisani.

Mjomba

Nilikuwa na mpango wa kuiandika makala hii kwa namna nyingine. Mjomba wangu Unguja anapiga fidla kwenye kikundi cha taarabu tangu kabla sijazaliwa. Nikawaza: huyu ndiye atakayenielewa. Reinecke alizipigia rola zake mwaka 1905, mwaka uleule ulioanzishwa Ikhwani Safaa pale Unguja. Na katika taarabu fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, hushika melodia moja, kila mmoja akiitembea kwa mwendo wake. Mimi niliyelelewa kwenye muziki wa namna hiyo nimekuja Ulaya kumnyoosha Mjerumani! Aya nzima ilikuwa tayari kichwani, inameremeta.

Nikamtumia vipande viwili kwa WhatsApp, cha kwanza Reinecke mwenyewe, cha pili Reinecke wangu. Sikumwambia kipi ni kipi. Kesho yake nikapiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nimesikiliza. Hii ya pili ndiyo. Imetulia."

"Na ya kwanza?"

"Huyu bwana hakufanya mazoezi."

Nikajaribu kumtetea Reinecke. Nikamwambia, mbona hata nyinyi, kanuni na fidla hamwendi pamoja.

"Nani kakwambia?" Sauti yake ilipanda. "Kanuni anapamba. Kupamba si kuchelewa. Fidla nne zikipishana kama huyu, mwalimu husimamisha wimbo, tunaanza upya. Wewe ulikuwa unakuja mazoezini kula visheti tu, hukusikiliza."

Aya yangu ikafa palepale.

Baadaye kidogo, tulipokuwa tumeshahamia kwenye habari za bei ya mchele, akarudi mwenyewe: "Yule mpigaji ana umri gani?"

Nikamwambia, themanini.

"Ah. Basi mwache."

Sijui alimaanisha mwache kwa sababu mikono ya mzee wa themanini ina ruhusa yake, au mwache kwa sababu mkubwa hasahihishwi mbele za watu. Nilitaka kumuuliza, akaniambia kuna mtu mlangoni.

Walikwisha kumgusa kabla yangu?

Kuna mlango wa kutokea ambao niliushika siku kadhaa. Ulikuwa hivi: hata rola yenyewe si mpigaji. Kwenye mitambo ya Marekani, kama Ampico na Duo-Art, wahariri wa rola walikuwa na meza zao na mishahara yao. Sauti iliyokosewa ilizibwa, tundu sahihi likatobolewa, na mpigaji akaja kusikiliza na kukubali. Kwenye baadhi ya rola za mtunzi wa Marekani, George Gershwin, kuna sauti nyingi kuliko zinazoweza kufikiwa na mikono miwili, kwa sababu aliongeza tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1993 Artis Wodehouse alipozirudisha rola hizo kupitia Disklavier, piano ya kisasa inayojipiga, hakuna aliyelalamika kwamba Gershwin hakuwa na mikono minne. Na Wayne Stahnke, aliyemrudisha mpiga piano Rachmaninoff kutoka rola za Ampico mwaka 1998 kwa piano ya Bösendorfer, alilazimika kuamua mambo mengi ambayo karatasi haikuyasema.

Kwa hiyo, nilijiambia, mimi ni mhariri mwingine tu kwenye foleni ndefu.

Hoja hiyo ilinifaa kama siku nne. Iliponivunjikia ni kwenye jambo dogo: wale wahariri walikuwa na mpigaji. Rachmaninoff aliweza kusema hapana. Reinecke alifariki mwaka 1910, na aliyetakiwa kusema hapana kwa niaba yake ni mzee mmoja mwenye rula ya mtoto wa shule, ambaye hakuna aliyempa kazi hiyo.

Na Wodehouse na Stahnke waliweka majina yao juu ya walichokifanya. Faili langu lilisambaa likiwa limeandikwa "Reinecke, 1905".

Linavyosafiri

Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba rola ya piano si nakala ya muziki kisheria, kwa kuwa binadamu hawezi kuisoma kwa macho kama anavyosoma noti. Mwaka uliofuata Bunge lao likaweka malipo ya senti 2 kwa kila rola na ugomvi ukahamia kwingine. Huwa nayakumbuka majaji hao ninapokuwa nimeinamia skrini nikisoma matundu kwa macho yangu mawili. Walikuwa na haki: nilisoma, na sikuyasoma.

Rola ikiwa na kosa, kosa hukaa kabatini. Faili halikai. Ndani ya wiki mbili langu lilikuwa limefika kwa mtu Japani, ambaye alilipanga upya majina akalichanganya na mengine. Watu wanakusanya. Mfano mzuri wa kukusanya upo: mashindano ya piano ya Minnesota, yaliyokuwa yakipigwa kwenye Disklavier, yalitoa mafaili ya washindani bure, na mwaka 2018 watafiti wa Google wakayaunganisha na sauti zilizorekodiwa papo hapo. Mkusanyiko huo, uitwao MAESTRO, umefikia karibu saa 200, na faili na sauti vinapishana kwa milisekunde 3 hivi. Mashine zinajifunza piano kutoka humo. Pale kila tarakimu ina kidole chake. Aliyepiga alikuwepo, na mtambo ukapima mguso wake.

Langu halimo humo, na halistahili kuwemo. Ila usiku naliwaza likiwa kwenye mkusanyiko fulani wa mtu mwingine asiye makini, limekaa safu moja na yale ya kweli, limevaa ngazi zake 1,024, likifundisha kwamba mzee aliyezaliwa mwaka 1824 alipiga kama mtu aliyemaliza chuo juzi.

Niliandika upya. Nimeacha matoleo mawili: moja ambalo sauti zimekaa pale matundu yalipo, na lile langu la zamani, kwa sababu kulificha kungekuwa uongo wa pili. Ndani ya faili la zamani nimeweka maandishi, MIDI inaruhusu, yanayosema mikono imesogezwa, nani kasogeza na kwa kiasi gani. Nikawaandikia wote niliokuwa na anwani zao. Sita walijibu. Yule bwana wa "asiyegugumiza" aliniambia asante, lakini atabaki na la zamani, kwa sababu mkewe amelizoea wakati wa chai.

Wiki iliyopita nililikuta la zamani mahali pengine. Maandishi yangu hayamo tena. Programu fulani imeyafuta njiani.

Tundu lililochanika

Jumamosi nilirudi kwa mzee. Safari hii alikuwa amekisogeza kile kikabati chake mbele ya piano. Wasiokijua: Welte walitengeneza pia kabati la kusimamishwa mbele ya piano yoyote, lenye vidole 80 vya mbao vilivyovikwa kitambaa cha sufu, vinavyobonyeza vibonye kama mtu. Kukiweka sawa ni kazi ya watu wawili. Kikikaa kushoto kwa nusu sentimita, wimbo mzima unagusa vibonye vya jirani.

"Kulia kidogo," akawa ananiambia. "Kidogo nimesema. Rudi."

Tukamsikiliza Reinecke kutoka kwenye karatasi yenyewe, na hewa inapumua ndani ya kabati kama ng'ombe aliyelala. Besi ilitangulia, melodia ikaja. Mara mbili ya kwanza bado nilisikia kugugumiza, siwezi kudanganya. Mara ya tatu nilianza kuisikia melodia ikichelewa kwa makusudi, kama mtu anayekuacha uingie mlangoni kwanza.

Karibu na mwisho kuna sauti moja ya juu iliyonishtua. Kwenye faili langu jipya ni sauti moja ndefu. Pale sebuleni nilisikia kama imepigwa mara mbili, ya pili hafifu. Tuliisimamisha rola, tukaivuta. Kijidaraja cha karatasi kati ya tundu na tundu kimechanika, kimebaki unyuzi tu, umejikunja. Kama kilikuwa daraja jembamba, la kushikilia karatasi tu, ni sauti moja. Kama kilikuwa kipana, kimekatika, ni sauti mbili, na Reinecke aliirudia.

Mzee aliweka rula. Unyuzi haupimiki.

"Wewe unasemaje?" akaniuliza, mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Nilimwambia kuna mtu Uholanzi mwenye rola nyingine ya kipande hikihiki. Usiku uleule nilimwandikia, nikamwomba aifungue mpaka karibu na mwisho, aweke rula, anipigie picha. Hajajibu. Faili liko wazi kwenye skrini na ile sauti nimeipaka rangi ya njano.